Tairi za Lami kwa Baiskeli ya Matope

Jumatatu, 3 Machi

Gari limeondoka. Msimamizi wa kituo ametukusanya asubuhi, sisi wauguzi wanne tunaowahudumia wagonjwa majumbani, akatuambia kuanzia kesho gari litakuwa la hospitali kuu na kila mtu atafute namna yake ya kufika. Alisema hayo huku akipanga faili ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mimi nina nyumba sita. Ya kwanza ni ya Mwalimu, bibi wa miaka sabini na tisa aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Kisukari kimemfifisha macho, na ni lazima achomwe insulini saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Basi halipiti mtaa wake. Kwa miguu ni saa nzima na ushei.

Nimerudi nyumbani nikamsimulia mdogo wangu huku namenya viazi. Sikutaka ushauri, nilitaka masikio tu. Alikuwa kwenye kochi, mguu kaunyoosha juu ya stuli, fimbo yake pembeni. Bila kuinua macho akanyoosha kidole ukutani.

"Chukua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Pale ukutani inaning'inia baiskeli yake. Miaka miwili iliyopita alianguka nayo mbioni akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Hata mimi nikifagia utando wa buibui huwa naizunguka. Ni baiskeli ya zile mbio za matopeni wanazoziita saiklokrosi. Wanaendesha kwenye tope na majani, wakifika kwenye vizuizi vya mbao wanaruka chini, wanaibeba begani na kukimbia nayo. Ukiitazama haraka utasema ni ya mbio za barabarani, maana usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Ukitazama chini unaona tairi zimejaa meno.

"Ila tairi usibadilishe," akaongeza. "Zibaki hizo hizo."

Nikakubali. Ningekubali hata kama angeniambia niiendeshe kinyumenyume.

Jumanne, 4 Machi

Ni kama kuendesha mashine ya kusaga. Meno yakigusa lami yanavuma, watu wanageuka kabla sijawafikia, kwa hiyo kengele sihitaji. Mapaja yanawaka moto. Nimefika saa mbili kasoro kumi. Mwalimu alikuwa amekaa mkao wa kungoja, mikono juu ya magoti. Nikamwamkia.

"Marahaba. Dakika ishirini," akasema, akafunua tumbo nimchome.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Dakika kumi na tano.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza mdogo wangu kwa nini baiskeli yenyewe ni nyepesi kuibeba lakini nzito kuiendesha. Sikutegemea jibu refu. Amezungumza robo saa nzima, akiyachora meno ya tairi kwenye meza kwa kidole kilicholowa chai. Akasema yale meno kazi yake ni kung'ata udongo, na kwenye udongo hakuna kinachoyashinda. Ila lami haing'atiki. Pale zinagusa ncha za meno peke yake, na ukikata kona zinapinda kama miguu ya meza mbovu, nguvu zako zote zinaishia kwenye kupindisha mpira.

Sijamsikia akiongea hivyo tangu alipotoka hospitali. Macho yalikuwa yamefunguka. Nikapata ujinga wa kusema, basi si tuweke tairi za lami, nitakuwa nawahi.

Akakunja uso, akafuta meza kwa kiganja. "Nilikwambia zibaki."

Nikainuka kupakua chakula.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Dakika kumi na mbili. Mwalimu ameanza kunitajia tofauti ya leo na ya siku iliyotangulia. Anasema nikiendelea hivi nitafika sifuri kabla ya Pasaka, lakini uzoefu wake na wanafunzi unamwonya asitegemee.

Jumanne, 11 Machi

Nimeteleza kwenye mstari mweupe wa kivuko cha waenda kwa miguu. Sikuanguka. Dakika ishirini na mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimekwenda kwa fundi baiskeli bila kumwambia mdogo wangu. Wanamwita Mama Ringi. Hakuna mwingine mjini anayeuza tairi za upana huu. Duka lake ni chumba kirefu chembamba nyuma ya kiwanda cha kuoka mikate, harufu ya mikate huku na harufu ya gundi ya pancha kule. Magurudumu yananing'inia darini kama nguo za kuanika. Mwenyewe ni mwanamke wa rika langu au zaidi kidogo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, vidole vimekolea grisi.

Nilipoisukuma baiskeli ndani alikuwa anakaza spoku. Akainua kichwa. Hakunitazama mimi, aliitazama baiskeli, na bisibisi ikabaki hewani.

"Hiyo siigusi," akasema.

Nikamweleza kwamba nataka ushauri wa tairi tu, nina wagonjwa wananisubiri. Akasema ameshasema, akarudi kwenye spoku zake. Nilisimama pale kama mtu aliyekosea nyumba, kisha nikageuza baiskeli nikatoka.

Watu wengine kazi inawapanda kichwani. Kuuza tairi tu, utadhani anatoa figo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Dakika kumi na nane.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua, na kiatu kimoja kimeachia soli. Mwalimu amenipa magazeti nijaze ndani ya viatu vikauke. Anasema sasa hawezi kuyasoma, lakini ameyatunza kwa sababu hajui ni lini atapata matumizi mengine. Nadhani alikuwa ananitania. Kwake ni vigumu kujua.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika kwa shida, kiwiko cha kulia kimefungwa.

Nilikuwa nawahi. Kwenye mzunguko mkubwa, pale magari ya mizigo yanapoingilia, lami ilikuwa imelowa na inang'aa. Nikalaza baiskeli kidogo kukata kona, kama ninavyofanya kila siku. Nilihisi gurudumu la mbele linaniponyoka, kama mtu anayevutiwa zulia. Nikaanguka kwa ubavu, nikateleza hadi kwenye ukingo wa zege. Lori nyuma yangu lilipiga breki likasimama. Dereva aliteremka, akaniinua kama mzigo wa nguo, akaniuliza mara tatu kama najua leo ni siku gani. Nilijua. Nilijua pia ni saa ngapi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mnyororo ulikuwa umetoka, kila nikiurudisha unatoka tena. Mwisho nikaikokota baiskeli huku nakimbia. Simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa.

Nilifika saa tatu kasorobo. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Alikuwa mezani, sahani ya mkate mbele yake haijaguswa, na nguo imemganda mgongoni kwa jasho. Bomba la sindano lilikuwa sakafuni. Nilipomwita, aliniita kwa jina la mwanafunzi fulani, akanitaka nirudi ubaoni nikamalize hesabu yangu.

Alikuwa amejichoma mwenyewe. Nilikuja kuelewa baadaye: alisubiri, akaona saa zinakwenda, akachukua sindano, akavuta dawa kwa kupapasa. Hakuwa na uhakika kama imeingia, kwa hiyo akarudia. Kisha akasubiri kidogo ndipo ale, kama nilivyomfundisha, na katika kusubiri huko sukari ikashuka. Kipimo kilionyesha namba ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye macho.

Nikakoroga sukari kwenye maji, vijiko vingi, nikamnywesha kidogo kidogo nimemshika kidevu, huku namwambia meza Mwalimu, meza, bado kidogo. Damu ya kiwiko changu ilikuwa inadondoka kwenye kitambaa chake cha meza. Baada ya robo saa macho yakatulia. Nikampima, nikampa mkate, nikampima tena, nikampigia daktari wa kituo, naye akaniambia nisiondoke mpaka adhuhuri kwa sababu dawa ile ingeendelea kumvuta chini. Wagonjwa wangu wengine walipelekewa wenzangu.

Nilipokuwa nafunga kiwiko changu, aliomba aguse bandeji. Akaipapasa, akasema nimeifunga vizuri.

"Mimi ndiye niliyekosea hesabu," akasema. "Usiandike kwenye ripoti kwamba ni kosa lako."

Nikamwambia Mwalimu, aliyechelewa ni mimi. Akasema hilo nalo ni kweli.

Nimerudi nyumbani mchana, baiskeli naisukuma. Mdogo wangu alikuwa kibarazani. Alipouona mkono, aliinuka bila fimbo. Alinikalisha jikoni, akafungua bandeji, akasafisha kidonda upya, kokoto moja moja. Nikamsimulia yote, la mzunguko na la Mwalimu. Sikupandisha sauti. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenichorea mezani jinsi tairi zile zinavyoteleza kwenye lami, kisha akanikataza kuzibadilisha, na leo nusura bibi wa watu afe. Nikamtaka anipe sababu.

Aliweka kibanio mezani. Kisha akaniambia.

Siku ya mbio zile, magurudumu yake yalifungwa na kujazwa upepo na Mama Ringi. Wakati huo ndiye aliyekuwa fundi wa timu yao. Alimwambia tope ni zito lakini kuna kipande cha mawe kabla ya daraja, kwa hiyo asipunguze upepo hata kidogo. Mdogo wangu akaitikia, akaenda nyuma ya uzio, akatoa upepo kwenye tairi ya mbele, mara mbili, kwa sababu tairi laini inashika tope vizuri zaidi na yeye alitaka kushinda. Alipofika kwenye mawe tairi ikaruka nje ya ringi. Hospitalini Mama Ringi alikuja akasimama miguuni pa kitanda, akalia, akasema ni yeye aliyeifunga vibaya.

"Nikanyamaza," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa na maumivu, nikanyamaza. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa aibu."

Mwenzake mmoja wa timu aliirudisha ile tairi kwenye ringi siku ile ile, baiskeli ikaja kutundikwa kwetu. Fundi yeyote akiitoa ataona ukingo wake ni mzima, haukukatika wala kuchanika wakati wa kufungwa, kwa hiyo iliruka kwa kukosa upepo; na anayeuza tairi za kubadilisha mjini ni Mama Ringi peke yake. Ndiyo maana zibaki hizo hizo.

Nilimaliza kujifunga bandeji mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Hatujasemezana.

Jumatatu, 24 Machi

Naenda kwa miguu sasa. Natoka saa kumi na mbili. Nafika kwa Mwalimu kwa wakati, lakini wagonjwa wa mwisho nawafikia jioni, na mmoja wao kidonda chake hakipaswi kungoja hivyo.

Msimamizi ameisoma ripoti yangu. Nilidhani atafoka. Aliondoa miwani, akajisugua macho, akaniambia amewapigia simu wakubwa wake mara tano kuhusu gari. Kisha akasema hawezi kumwacha mgonjwa kama yule kwenye bahati. Tunapewa hadi katikati ya Aprili. Tukishindwa kumfikia kwa wakati kila siku, Mwalimu atahamishiwa kwenye makao ya wazee nje ya mji. Nilipotoka nilimwona amerudia kupanga faili zake. Nadhani ni mikono tu inayotafuta kitu cha kufanya.

Nikamweleza Mwalimu. Akauliza makao hayo yana vyumba vingapi na watu wangapi. Nikamtajia. Akagawanya kichwani.

"Wanne kwa chumba," akasema. "Hapana."

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi kwa Mama Ringi bila baiskeli. Sikujua nakwenda kusema nini. Siri si yangu, na toka Ijumaa naibeba.

Aliiona bandeji. Akavuta stuli, akaipangusa, akaniambia, "Kaa, Sista." Halafu akaniomba radhi kwa siku ile. Akasema alijua mimi ni nani, baiskeli ile angeitambua hata gizani. Ndiye aliyemfungia tairi mdogo wangu siku alipoanguka. Tangu hapo aliacha timu, hajashika gurudumu la mbio. Anatengeneza baiskeli za watoto wa shule na za wasambazaji wa mikate, basi, na hata hizo akimaliza kufunga tairi anarudia kuikagua mara tatu, anamwita mteja aliyekwisha kufika mlangoni aikague ya nne.

"Nikifika nyumbani bado nawaza," akasema. "Nakaa mezani vidole vinapapasa ukingo ambao haupo."

Na mimi nilikuwa nimemwita mwenye majivuno. Ulimi uliniwasha. Nilitazama sakafu, nikahesabu nati za spoku zilizoanguka, nikameza maneno. Nikamwambia tu nilivyoanguka, na habari za Mwalimu.

Hapo akainuka. Akasema kufunga hatafunga, lakini kuchagua anaweza kunisaidia, nikafungiwe na mtu mwingine. Akateremsha tairi tatu.

Ya kwanza nyembamba, milimita ishirini na nane, laini kabisa. Nikashtuka, nikamwambia hiyo si kipara? Kwangu kipara ni tairi iliyochoka, inayomtia mtu mtaroni. Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka. Akasema kipara cha uchakavu ni kitu kimoja na kipara cha kuzaliwa nacho ni kingine. Gari linahitaji mifereji kwenye tairi kwa sababu ni pana na lina mbio, linaweza kuelea juu ya maji. Baiskeli ni nyembamba, inayapasua yenyewe. Pale kwenye mzunguko kilichokosekana ni mpira kugusa lami. Meno yaliinua mpira juu, ukabaki umesimamia ncha.

"Mpira mwingi ukigusa chini, barabara inakushika," akasema. "Hakuna uchawi mwingine."

Lakini ile nyembamba aliikataa mwenyewe. Nitabeba begi la dawa, barabara zina mashimo, mikono itakufa ganzi. Ya tatu, milimita thelathini na tano, ilikuwa laini na nene, nikaipenda kwa kuishika. Akaniuliza kama nitaweka madigadi. Nikasema lazima, siwezi kuingia kwenye nyumba za wagonjwa na mstari wa tope mgongoni. Basi hiyo itasugua, akasema. Uma wa baiskeli ile, pale gurudumu linapopita, anaujua. Ikabaki ya kati, thelathini na mbili: katikati laini, pembeni mistari midogo kama ya alama ya kidole, na chini ya mpira utepe mgumu wa kuzuia vioo na miiba.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akakunja uso tena. Akasema hakika aliiacha zamani, nimuulize mdogo wangu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia mdogo wangu, shingo upande, maana bado nilikuwa nimenuna. Nikamtajia tairi zote tatu. Alianza kubisha kuhusu ile ya thelathini na tano, kisha akakumbuka madigadi, akafunga macho akapima kwa vidole nafasi ya uma, hewani.

"Thelathini na mbili," akasema. "Yuko sahihi." Baadaye kidogo, "Anaendeleaje?"

Nikamwambia kila kitu, mpaka vidole vinavyopapasa mezani. Sikupunguza wala kuongeza. Aliacha chakula chake nusu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kutwa. Amekaa kibarazani akiitazama. Nimempelekea chai mara mbili na mara mbili nimeikuta imepoa. Hasira yangu imepungua nami sikuiruhusu. Nimemlea huyu toka ana miaka tisa. Akivunja kikombe alikuwa anakaa hivyo hivyo, mpaka mtu mwingine akaribie kusingiziwa.

Jumanne, 1 Aprili

Nilipotoka kazini nilimkuta amevaa shati la kutokea. Akaniomba niisukume baiskeli, yeye atatembea kando yake. Nikamwambia ni mbali. Akasema anajua.

Tulitumia dakika arobaini na tano. Mara mbili alisimama akashika kiti cha baiskeli akahema. Manyunyu yalikuwa yanatupiga usoni. 

Mama Ringi alikuwa peke yake, anafunga tairi ya baiskeli ya mtoto. Alipomwona alishusha mikono. Mdogo wangu hakukaa, ingawa nilimsogezea stuli. Alisema akiwa amesimama, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kwamba alitoa upepo. Kwamba alikuwa ameonywa. Kwamba alimwona analia hospitalini akanyamaza, na alikuwa akijua anachokifanya. Hakutaja maumivu wala dawa alizokuwa amepewa. Nilimsikiliza kama atasimama penye visingizio, lakini alivipita vyote bila kusimama.

Mama Ringi aliisogeza pembeni baiskeli ya mtoto. Aliinyanyua yetu kwenye stendi ya ufundi, akafungua gurudumu la mbele, akaitoa ile tairi yenye meno kwa mikono mitupu. Akavaa miwani. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, pole pole, duara zima, kisha ukingo wa pili, duara zima. Harufu ya mikate ilikuwa imejaa mle ndani. Tope kavu la miaka miwili, lililokwama ndani ya tairi, lilikuwa linadondoka sakafuni.

"Ni mzima," akasema.

"Ndiyo," mdogo wangu akajibu.

"Miaka miwili nimeuogopa mkono wangu mwenyewe."

Alisema bila kupaza sauti, na mdogo wangu akainama kama aliyepigwa. Akaanza kuomba msamaha. Mama Ringi akainua kiganja.

"Toka," akasema. "Baiskeli iacheni. Wewe toka."

Tumerudi kwa teksi. Kwenye ngazi ya kwetu amenishika bega ili apande, na nimemwacha alishike mpaka ndani.

Jumatano, 2 Aprili

Kwa miguu. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Kwa miguu. Mdogo wangu hakuniuliza kama kuna ujumbe. Nami sikuwa nao.

Ijumaa, 4 Aprili

Ujumbe umekuja saa sita: *Sista, njoo uchukue.*

Baiskeli ilikuwa imeoshwa. Tairi mpya, thelathini na mbili, mbele na nyuma, na madigadi meusi juu yake, nafasi ya kidole kimoja katikati. Nikamuuliza nani kafunga. Akasema yeye. Nikamuuliza kakagua mara ngapi.

"Mara moja," akasema. Akajishughulisha na kuning'iniza pampu.

Amenifundisha kushika tairi kwa kidole gumba kila Jumatatu: nyuma iwe ngumu zaidi kwa sababu ya begi, mbele iwe na huruma kidogo kwa ajili ya mikono. Habari za mdogo wangu hakuzitaja. Nilipokuwa mlangoni ndipo akaniuliza kama mdogo wangu analala vizuri siku hizi. Nikamwambia hapana. Akasema vyema, na wala haikusikika kama laana.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa. Kwenye mzunguko nilipunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wakanipita. Nikalaza baiskeli kidogo. Ikashika. Nikalaza zaidi. Ikashika. Ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia maji yakipasuka chini yangu, nikasikia na mtu kwenye kituo cha basi akimwambia mwenzake kuhusu shemeji yake. Nimefika saa moja na dakika ishirini.

Mwalimu alikuwa bado anachana nywele. Akalalamika kwamba kuwahi nako ni kukosa wakati.

Jumatano, 16 Aprili

Msimamizi amepitia daftari langu la mwezi, kila asubuhi ya Mwalimu kwa saa na dakika. Amegonga mhuri. Mwalimu anabaki kwake. Nilipompa habari, aliuliza tu kama msimamizi alijumlisha vizuri. Halafu akanitaka nipige magoti karibu, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia kwa yale macho yake, akitafuta mahali nilipo.

Jumapili, 27 Aprili

Mama Ringi amekuja kwetu. Nilifungua mlango nikamkuta na mfuko: zile tairi zenye meno, zimeoshwa na kukunjwa. Mdogo wangu akataka kusimama, akamwambia akae. Wamekaa, nami nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Akamwambia bado ana hasira naye, na itaendelea kuwepo, asijidanganye. Ila mwezi ujao ni mbio za kufunga msimu, timu imemwomba arudi, na kazi ni ya watu wawili. Mmoja wa kufunga na mmoja wa kupokea magurudumu yenye tope na kuyasafisha. Hiyo ya pili mtu anaweza kuifanya amekaa.

"Utanisikiliza nikikuambia kitu?" akamuuliza.

"Nitakusikiliza."

"Saa kumi na mbili asubuhi, basi. Ukichelewa naondoka."

Jumamosi, 17 Mei

Leo mbio. Mvua imekata juzi lakini uwanja bado ni tope. Mimi nilikuwa kwa wagonjwa.

Amerudi jioni, ameletwa na gari la timu. Tope hadi magotini, tope kwenye masikio, sauti imekauka. Alikula amesimama jikoni, sahani mbili, akinisimulia gurudumu moja baada ya jingine: lipi lilikuja limejaa majani, lipi spoku imekatika, Mama Ringi alivyomfokea kwa kumpa la nyuma badala ya la mbele, na alivyolifunga kwa haraka bila kulitazama mara ya pili. Sakafu niliyoifuta asubuhi imekwisha. Nikamwacha aongee.

Alipofika mwisho nikamuuliza nani ameshinda.

Akatafuna, akafikiri, kijiko kikasimama njiani. Kisha akaanza kucheka, mpaka akashika ubavu wa nyonga mbovu na kuegemea sinki. Alikuwa amesahau kuangalia.